Juisi ya ubuyu: R² ni 0.995 lakini nishati ya kuamsha inanijia 63 ± 56. Nimekosea wapi?

Zubeda wa Ubuyu

Habari zenu wanajukwaa. Niko Tanga, nasoma uzamili wa sayansi ya chakula, na jioni natengeneza juisi ya ubuyu naiuza madukani. Swali langu ni la hesabu, ila lina biashara ndani yake: nataka kujua vitamini C inapungua kwa kasi gani ili niandike kwenye lebo muda wa kukaa dukani na muda wa kukaa kwenye friji, bila kubahatisha.

Nilichofanya: chupa tatu za kioo za mililita 300, kila moja nikatia juisi mililita 250 ya pishi moja. Moja kwenye friji (5 °C), moja kabatini (nyuzi 28 hivi, kipimajoto kilikuwa humo humo), moja kwenye oveni ya maabara (45 °C). Kila siku ya kupima nafungua chupa, nachota mililita 30, nafanya titresheni tatu za mililita 10 kwa iodini na wanga (nadondosha iodini mpaka rangi igeuke), nafunga. Wastani wa majibu kwa miligramu kwa lita ni huu:

45 °C, siku 0, 2, 4, 7, 10, 14, 21: 312, 236, 179, 133, 99, 82, 67
28 °C, siku 0, 4, 7, 14, 21, 28, 42: 309, 278, 251, 212, 175, 152, 113
5 °C, siku 0, 7, 14, 28, 42, 56: 311, 304, 301, 288, 281, 270

Titresheni tatu za siku moja zinatofautiana kwa miligramu 2 hivi.

Nimefuata tulivyofundishwa: logi asilia ya C dhidi ya siku, mteremko ndio k, yaani kasi ya kupungua. Nimepata k ya 0.074 kwa siku (45 °C, R² 0.91; R² ikikaribia 1, pointi zimekaa karibu na mstari), 0.024 (28 °C, R² 0.995) na 0.0025 (5 °C). Halafu nikachora logi ya k dhidi ya 1/T kwa kelvini, mlinganyo wa Arrhenius unaofunga kasi na joto. Mstari umenyooka vizuri, R² ni 0.995 tena, na nishati ya kuamsha (ikiwa kubwa, joto linaongeza kasi zaidi) ni 63 kJ/mol. Nikafurahi. Juzi nikaiomba programu inipe na masafa ya uhakika wa asilimia 95, ikanirudishia 63 ± 56. Yaani kutoka 7 mpaka 119! Msimamizi wangu kaniambia niandike R² tu, hayo mengine niache. Mimi roho inakataa. Namba moja inaniambia mambo safi, ya pili inaniambia sijui kitu. Niamini ipi?

---

Fundi Namba

Dada Zubeda, usijipe presha. R² ya 0.995 ni nzuri sana, wengi hawaipati. Shida yako ni ile ya 45 °C, ndiyo inakuharibia. Toa pointi mbili za mwisho (siku ya 14 na 21), utaona mstari unanyooka. Hizo lazima ulikosea titresheni, maana juisi ikishabadilika rangi mwisho wa titresheni hauonekani vizuri.

---

Babu Byureti

Zubeda mwanangu, usitoe pointi hata moja. Na wewe Fundi Namba, usininunie, nitakueleza kwa nini.

Kwanza nijijulishe. Niko Mombasa, nimestaafu. Miaka thelathini na ushei nimekuwa maabara ya kiwanda cha vinywaji, byureti (mrija wa kudondoshea kwenye titresheni) mkononi. (Sisi huku ukitaja mabuyu mtu anafikiria yale mekundu ya sukari na rangi, mtoto anarudi shule ulimi kama amekunywa wino. Hiyo juisi yenu nyeupe niliionjea Tanga, nzuri.) Nimewahi kufanya kosa hili hili lako, sasa nakueleza kama aliyeungua.

Swali lako la R² na ile ± 56 ni jepesi, tuanze nalo. Una joto tatu tu. Mstari una vitu viwili vya kukadiria, mteremko na pale unapokata mhimili. Tatu toa mbili, inabaki digrii moja ya uhuru. Kwa digrii moja, kizidishi cha asilimia 95 si ile mbili tuliyoizoea, ni 12.71. Kosa sanifu la nishati yako ni 4.4 kJ, zidisha kwa 12.71 upate 56. Programu haijakosea. Aliyetufundisha adabu hii ni William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyechapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Kiwandani alikuwa na sampuli chache kama wewe, akaona hesabu za watu wenye sampuli nyingi zinamdanganya. R² haijui una pointi ngapi. Pointi tatu zilizotawanywa kutoka friji hadi oveni zitanyooka tu, hata k zenyewe zikiwa mbovu.

Na k zako ni mbovu. Hapo ndipo penye kazi.

Chukua karatasi uchore mabaki ya ile ya 45 °C, yaani logi uliyopima toa logi ya mstari. Mimi nimeyapata: +0.21, +0.07, −0.06, −0.13, −0.21, −0.10, +0.21. Tazama alama: juu, juu, chini, chini, chini, chini, juu. Hilo ni tabasamu. Kosa la mkono halitabasamu mwanangu, kosa la mkono linarukaruka huku na huku. Mabaki yakipinda hivi, mstari ulionyooka si umbo la kitu unachokipima.

Umbo lake ni lipi? Angalia namba zako zenyewe kabla ya logi. 133, 99, 82, 67. Haziendi sifuri, zinatua mahali, kwenye sitini hivi. Ndiyo maana nikasema usitoe pointi: zile mbili ambazo Fundi anataka uzitupe ndizo pekee zinazokuambia sakafu iko wapi. Ukizitoa, k inapanda kutoka 0.074 hadi 0.114, R² inakuwa 0.99, unafurahi zaidi na bado umekosea.

Sakafu inatoka wapi? Iodini haijui vitamini C. Iodini inajua kitu chochote kitakachoipa elektroni kwa upesi. Ubuyu una tanini na jamii zake, na ndizo zinazokausha ulimi ukila ubuyu bila sukari. Baadhi yake hula iodini vile vile. Kwa hiyo "312" yako si vitamini C, ni vitamini C na wageni wake. Wageni hawaozi kwa kasi ile, wanabaki wamekaa vitini. Modeli inayofaa kujaribiwa ni hii:

C = S + (C₀ − S)·exp(−k·t)

S ndiyo sakafu, C₀ ni kipimo cha siku ya 0, t ni siku. Nimeiweka 60 kwa jicho tu, nikapata k ya 0.18 kwa siku pale 45 °C na 0.037 pale 28 °C. Linganisha na zako, 0.074 na 0.024. Sasa tazama 28 °C, ambayo mstari wako ulikuwa na R² ya 0.995 isiyo na doa. Kwa k yako nusu ya vitamini inaisha siku ya 29. Kwa k yenye sakafu inaisha siku ya 19. Siku kumi nzima za lebo zimefichwa nyuma ya 0.995.

Jambo la pili, logi yenyewe. Kosa lako la titresheni ni miligramu 2 popote ulipo, juu au chini. Ukipiga logi, kosa hilo kwenye 312 ni asilimia 0.6, kwenye 67 ni asilimia 3. Mstari wa kawaida hauyajui hayo, unazipa pointi zote sauti sawa, kumbe za mkiani zimezidishiwa kelele karibu mara tano. Enzi zetu tulikuwa na karatasi ya grafu na rula, logi ilikuwa lazima maana jicho linaona mstari tu. Wewe una kompyuta. Oanisha mstari uliopinda na namba zenyewe, usizipinde namba zifuate rula.

Sasa la tatu, na hili hakuna kompyuta ya kukuokoa. Umesema chupa moja kwa kila joto, na kila siku ya kupima unafungua na kuchota mililita 30. Hebu tuhesabu hewa. Mwanzo una juisi 250 na hewa 50. Mililita 50 za hewa kwa nyuzi 28 zina oksijeni milimoli 0.43 hivi. Vitamini C halisi (ukitoa sakafu) ni miligramu 250 kwa lita, kwa robo lita ni 62.5, gawanya kwa 176 (uzito wa moli moja ya vitamini C) upate milimoli 0.36. Oksijeni imezidi vitamini kidogo tu. Nenda sasa siku ya 42 kabla hujachota: juisi imebaki 70, hewa ni 230, milimoli karibu 2 za oksijeni, na vitamini iliyobaki ni milimoli 0.02. Mara zaidi ya tisini. Na kila ulipofungua ulitia hewa mpya, ukatikisa kidogo ili ichanganyike (usiniambie hukutikisa, kila mtu anatikisa).

Kwa hiyo k ya siku ya pili na k ya siku ya 42 si za kitu kimoja. Ya kwanza ni ya juisi, ya pili ni ya juisi na mkono wa Zubeda. Tena chupa ya mteja wako haifunguliwi mara saba. Yeye anaifungua mara moja, anaimaliza.

Kosa langu mimi: miaka ya tisini tulipima juisi moja kwa kuchota kwenye dumu moja, tukapata kasi kubwa, tukaandika muda mfupi mno, mzigo mzuri ukarudishwa ukamwagwa. Mwaka uliofuata mtu akageuza, akapima chupa zilizojaa hadi shingoni, lakini mtambo wa kujaza ulikuwa unaacha hewa. Muda ukawa mrefu mno, juisi ikageuka kahawia rafuni. Mara mbili tulikuwa na mstari ulionyooka.

Oveni kuchukua saa mbili kupata joto, kama mtu atakuja kukuuliza hapa: achana nayo. Saa mbili kwenye siku 21 hazitakuumiza.

---

Zubeda wa Ubuyu

Shikamoo Babu. Nimesoma mara tatu, ya tatu nikiwa na karatasi. Nimechora mabaki ya 45, kweli yanatabasamu! Ya 28 nayo nimeyachora, yanatabasamu kidogo sana, ningepita bila kuona.

Na ndiyo, nilitikisa.

Maswali mawili. La kwanza, data za friji: sakafu siioni kabisa, zimeshuka kutoka 311 hadi 270 tu. Nikiiambia Excel itafute S na k pamoja kwa friji peke yake, kila nikianza na namba tofauti inanipa jibu tofauti. Mara S ni 150, mara ni hasi! Nafanyaje?

La pili naona aibu. Umeme ulikatika mara mbili wakati wa jaribio, kila mara muda wa saa kumi hivi. Sikuandika kwenye daftari kwa sababu niliona juisi bado ya baridi. Inaharibu?

---

Mkokotozi wa Nairobi

Habari Zubeda, shikamoo Mzee Byureti. Mimi kazi yangu ni data, si kemia, lakini swali lako la friji ni langu kabisa.

Excel haijaharibika. Imekwambia ukweli kwamba data za friji hazina habari ya S. Nimezijaribu. Nikiifunga S kwenye 0, k bora ni 0.0025. Nikiifunga kwenye 60, ni 0.0031. Nikiifunga kwenye 150, ni 0.0052. Jumla ya miraba ya mabaki katika hali zote tatu haisogei cha maana. Friji inajua kitu kimoja tu: zidisho la k na (C₀ − S), yaani juisi inashuka miligramu 0.75 hivi kwa siku. Hata mstari ulionyooka wa namba zenyewe, bila logi, unakaa sawa pale. Ukimuuliza mtu maswali mawili naye ana jibu la moja, atakujaza maneno.

Dawa ni kuoanisha zote tatu kwa pamoja. Juisi ni ya pishi moja, kwa hiyo C₀ ni moja, na tukikubali wageni wa Babu hawabadiliki kwa joto, S ni moja. Oveni inafundisha S, friji inaazima. Usitafute k tatu kisha uzichore tena. Tafuta Arrhenius moja kwa moja ndani ya modeli. Pointi zote 20, parameta 4, digrii za uhuru 16, na kile kizidishi cha 12.71 kinashuka hadi 2.12.

Kwenye Excel: safu ya siku, safu ya joto kwa kelvini, safu ya C uliyopima. Pembeni seli nne: C₀, S, k₂₈ na E. Safu ya nne inakokotoa k ya kila pointi (R hapa si R², ni namba ya gesi, 0.008314 ukiandika E kwa kJ):

k = k₂₈ · exp[ −(E/R)·(1/T − 1/301.15) ]

Safu ya tano ni C ya modeli, ya sita ni tofauti kwa kipeo cha pili. Jumlisha, mwambie Solver (kitafutaji kilichomo ndani ya Excel) apunguze jumla hiyo kwa kubadilisha zile seli nne.

Mambo mawili yatakayokusumbua. Usitumie A ya vitabuni, tumia k₂₈ kama nilivyoandika. A ni kasi kwenye joto lisilo na mwisho, na wewe uko Tanga. Kwa data zako A inakuja 4 × 10¹¹ hivi kwa siku, na E ikisogea kJ 3 tu, A inabadilika zaidi ya mara tatu. Zinavutana kama mikokoteni iliyofungwa kamba moja, Solver inazunguka hapo mpaka inachoka. k₂₈ iko katikati ya data zako, haivutwi. Pili, andika E kwa kJ, siyo joule, ili seli zako nne zisiwe nyingine 0.04 na nyingine 75,000.

Anza na C₀ 310, S 60, k₂₈ 0.03, E 70. Kwangu imetua kwenye C₀ 311, S 60, k₂₈ 0.037, E 75, na masafa ya E ni ± 3. Halafu anza tena kutoka mahali pabaya makusudi, S 10 na E 40, uone inarudi pale pale. Isiporudi, usiamini.

Mabaki yametawanyika, hayatabasamu tena.

---

Babu Byureti

Marahaba wote wawili. Mkokotozi, nilitaka kuandika hayo hayo na ningetumia kurasa sita.

Ila Zubeda usikimbilie kuandika 75 ± 3 kwenye tasnifu ukafunga daftari. Hiyo ± 3 ni ya kelele ya byureti peke yake. Imekubali kila ulichoiambia: kwamba sakafu ni moja kwa joto zote, kwamba hewa haikubadilika, kwamba friji ilikuwa 5. Mawili ya mwisho tunajua si kweli.

Umeme basi. Kwa namba za Mkokotozi, kasi ya nyuzi 28 ni karibu mara 12 ya kasi ya nyuzi 5. Saa kumi za juisi iliyofika 28 kabisa ni sawa na siku tano za friji. Mara mbili, siku kumi, katika siku 56! Yako haikufika 28, umesema ilikuwa ya baridi, basi labda ni siku moja au mbili za ziada. Inavumilika, lakini iandike. Safari ijayo tia kipimajoto ndani ya chupa ya maji karibu na juisi, si hewani mwa friji, na uandike namba asubuhi na jioni. Ukiwa na orodha ya joto, modeli haikatai joto linalobadilika: unajumlisha k ya kila kipande cha muda badala ya kuzidisha k moja kwa siku zote. Msiandike "5 °C" kwa sababu kitufe cha friji kimesema 5.

Sasa sakafu. Tusiiache iwe namba ya Solver tu, unaweza kuipima. Nenda sokoni ukanunue tango. Usicheke. Tango lina kimeng'enya kinachooksidisha vitamini C na kuwaacha wengi wa wageni. Kamua tango, chuja kwa kitambaa safi. Juisi ya ubuyu ni chachu, kimeng'enya hakiipendi, kwa hiyo chukua mililita 10 uiweke kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia uchachu usibadilike) ya pH 6, tia mililita moja ya maji ya tango, zungusha flaski dakika kumi kumi na tano hewa iingie, rudishia asidi, kisha titresheni. Kinachobaki ndiyo sakafu. Fanya nyingine ya maji matupu na tango, maana tango nalo lina wageni wake, uitoe. Na usiiache kwenye pH 6 muda mrefu, tanini nazo zitaanza kuoksidika uone sakafu iko chini kuliko ilivyo. Fanya kwa juisi mbichi na kwa juisi iliyokaa 45 °C. Zikilingana, lile la "sakafu moja" limesimama. Zisipolingana, utakuwa na sakafu inayotembea, na hapo tutaongea tena.

---

Zubeda wa Ubuyu

Nimerudi, samahani kwa ukimya wa siku tano. Tango mbili, shilingi mia tano kila moja, muuzaji kaniuliza kama ni za kachumbari nikakubali.

Juisi mbichi: 57. Ile ya 45 °C iliyokaa wiki tatu, kijiko cha mwisho kilichobaki: 64. Tofauti ya titresheni zangu ni 2 hadi 3, kwa hiyo sijui kama 57 na 64 ni sakafu moja au imepanda kidogo. Ya oveni ilikuwa imegeuka kahawia.

---

Babu Byureti

Imepanda, au inataka kupanda. Sukari na asidi kwenye joto huzaa vitu vya kahawia ambavyo baadhi yake hula iodini. Kwa 5 na 28 tumia 57 uliyoipima, kwa 45 iache Solver iitafute peke yake. Uone E inasogea kiasi gani.

---

Zubeda wa Ubuyu

Imesogea kidogo mno, iko ndani ya ile ± 3. Nimefurahi kuliko nilivyofurahia R².

Msimamizi nimemwonyesha tabasamu. Kaangalia muda mrefu, kasema rudia jaribio. Kwa hiyo narudia: joto nne sasa (5, 28, 37, 45), chupa ndogo za mililita 60 zilizojazwa mpaka shingoni, kila chupa inafunguliwa siku moja tu na haitumiki tena. Nyingine kadhaa naziachia hewa kama zile ninazouza kweli, ili nione tofauti. Friji nitapima siku chache lakini mbali, mpaka siku ya 120, badala ya kupima kila wiki kitu kisichosogea. Zote ni chupa 46 na ninazo 19. Kuna mtu Tanga au Muheza anajua pa kupata vichupa vya kioo vyenye kifuniko cha kuzungusha, kwa bei ya mwanafunzi?

---

Mkokotozi wa Nairobi

Wa duka la dawa hukusanya za dawa ya kikohozi. Zichemshe vizuri, na kwa zile za hewa pima ujazo wa kila moja kwa maji kabla, hazilingani.